Walioililia Sura ya Mwisho

Mwenzangu uko wapi? Umekosa kikao chetu cha kusoma leo, umekosa sinema ya bure. Mbavu zangu jamani!

Si unaijua ile riwaya, nakala moja tunayopokezana? Leo ilikuwa kila mtu atoe maoni. Bosi wa uhasibu kaanza yeye, kavua na miwani: "Yule mjane alivyokufa mwishoni, sikula chakula."

Sikula chakula!

Fundi cherehani akadakia, "Afe wapi? Si ameolewa na daktari?" Wakaanza kuvutana. Mwalimu mstaafu, na ile sauti yake ya darasani, akasema wote wako sawa, mwandishi ametuachia fumbo. Fumbo!!

Mimi nimekaa, kitabu kiko mapajani. Nikawauliza, "Samahani, hiyo sura ya mwisho mmeisoma wapi? Humu haimo. Kinaishia mjane yuko mlangoni anapiga hodi."

Bosi akairudisha miwani yake usoni haraka.

Ndipo shangazi yangu, mwenye kitabu chake, akafungua mkoba taratibu, akatoa karatasi zimefungwa kwa mpira. "Zilichomoka kabla sijamwazima mtu yeyote. Nilikuwa nasubiri nione nani ataziulizia."

Bosi eti kapigiwa simu, katoka mbio. Simu yenyewe iko mezani inachajiwa!

Sasa nisaidie jambo moja. Wewe ndiye uliyenikabidhi kitabu jana, ukaniapia mwisho wake umekuliza mpaka mto ukalowa.

Ulikuwa unalilia nini?