Nilimwambia Mama Mkwe, "Twende Wote"

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, kwa maana adabu yangu mwenyewe imenitia mtegoni. Mimi ni mhadhiri, naishi Mzumbe na mume wangu Innocent, na tangu tuoane hatujawahi kusafiri wawili peke yetu, kila likizo ni msiba, harusi au kipaimara cha mtoto wa ndugu, hivyo kiangazi hiki tukapanga kuifuata barabara ya pwani ya kusini, kutoka Kibiti hadi Lindi, kwa gari letu, tukilala popote tutakapochoka. Tulipopanda Kinole kumuaga mama yake, Mama Angelina, nikasema kama asemavyo kila mkwe aliyelelewa vyema, "Mama, twende wote," nikitarajia jibu linalojulikana, "Nendeni salama, wanangu, mnisalimie huko," lakini yeye akaweka chini ungo wa mdalasini, akaniangalia, akauliza, "Lini?"

Sasa ameshakausha ndizi za njiani, jumuiya yake ya kanisani imemwombea kwa rozari nzima, na jana kanipigia simu: "Prisca mwanangu, bahari itakuwa upande gani wa gari? Nisije nikakaa upande wa porini." Innocent anacheka tu: "Ulimwalika wewe, mimi nilikuwa nafunga viatu." Nampenda mama huyu, ila safari hii niliitamani mno. Je, ni utovu wa adabu kumweleza kwamba ule ulikuwa mwaliko wa heshima tu?

Prisca, Mzumbe

Prisca,

Ndiyo, tena mkubwa. Nakuonea huruma, lakini kwa kiasi. Mwaliko wa heshima una thamani kwa sababu moja: anayealikwa ana haki ya kuukubali. Huenda mama huyu ameambiwa "twende wote" maisha yake yote, akawajibu wasemaji walichotaka kusikia. Safari hii amekuamini wewe. Usimfanye ajute.

Mpigie leo. Mwambie bahari itakuwa kushoto, na kiti cha mbele, kushoto, ni chake. Wewe utakaa nyuma na ndizi. Mtahadharishe kwamba sehemu kubwa ya njia ni pori pande zote mbili, asidhani mmepotea. Mkikaribia Lindi bahari ikajitokeza, Innocent asimamishe gari, na asiwepo wa kumharakisha.

Jioni, akishakula na kupumzika, mshike mume wako mkono, umwambie mama, "Sisi tunakwenda kutembea kidogo ufukweni." Kisha funga mdomo, Prisca. Usiongeze neno.