Mkwe Mmoja Tu

Dada mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata mama, na naliandika kabla ya salamu nisije nikaogopa: najua kwa nini mnunuzi wa nyumba yetu amejitoa. Haya, hujambo dada? Watoto wazima? Huku tunaendelea, ila magoti ya mama ni yale yale. Anasema kati yake na ngazi za nyumba hii, mmoja lazima ahame.

Ile nyumba isiyo na ngazi tunayotaka kuhamia tumewekewa hadi mwisho wa mwezi. Vyombo tumeshafunga, hata sufuria tunaazima kwa jirani. Mkataba wa kuuza hii yetu ulitiwa sahihi, amana ikalipwa, halafu yule bwana akaja kusema mambo yake yameingiliana, tumsamehe.

Nilimsindikiza baba kwa wakili. Alisema mkataba haufi kwa sababu mmoja amechoka nao. Baba anaweza kubaki na amana atafute mnunuzi mwingine, au adai fidia ya hasara, au aiombe mahakama imlazimishe yule bwana kununua, ingawa hapo atasubiri sana. Na kama kuna aliyemchochea, huyo naye hushtakiwa. Ila baba akishamwachilia mnunuzi kwa maandishi, basi tena. Baba alicheka, akauliza nani ahangaike kumchimba mzee kama yeye.

Jioni ile mumeo akaja. Akamwambia baba kesi zitammaliza, amwachilie tu yule mtu, yeye mwenyewe atainunua nyumba, bei ipungue kidogo. Kidogo hiyo, dada, ni karibu nusu! Baba alimshika mkono kwa mikono miwili, akamwita mwanangu. Jumamosi wanatia sahihi.

Sasa sikia. Siku mnunuzi alipokuja kujitoa, mimi ndiye niliyempelekea chai. Alinisalimia, nikashindwa kujibu, unanijua. Simu yake ikalia, akaongea mbele yangu kwa lugha tunayosomea shuleni, kama vile anaongea mbele ya kabati. Alisema, "Baba mkwe wako amelainika, bei atashusha mwenyewe, fungu langu usilisahau."

Baba ana mabinti wawili, dada, na mimi sina mume.

Lugha ile ni mumeo aliyenifundisha, mezani kwenu, mwaka niliofeli. Alikuwa mvumilivu kuliko mwalimu. Hicho ndicho kinachoniuma hata kuliko nyumba. Nilinyamaza kwa ajili yako, kisha nikamwona mama akipanda ngazi kwa makalio, akiniambia nisimtazame.

Nilitaka barua hii ikufikie kwanza, jirani anakuja huko kesho ataileta, ndipo nimwambie baba. Usinichukie. Wabusu watoto, waambie mamdogo amewakumbuka.

Kuna mtu anakuja mlangoni. Ni baba, najua anavyoburuta ndara. Mkono wangu umeshaifunika karatasi wenyewe.

Nimeuondoa.

Mdogo wako