Jogoo Niliyemchinja Kitale

Jumatatu, 22 Desemba
Nimepika chai tena mwenyewe. Nasimiyu anajaza maji kama anaosha vyombo. Siku ya tatu hapa Tuwan, Kitale, kwa huyu binti yangu. Miaka mitano sikukanyaga hapa. Aliolewa na Mwislamu, nikakataa kwenda harusi. Krismasi hii nimekuja kwa ajili ya mjukuu. Zaituni ana miaka mitatu na hanijui. Aliponiona alijificha nyuma ya mlango.

Nimewaletea jogoo kutoka Bungoma. Mkubwa. Amefungwa nyuma ya jikoni.

Silali hapa. Nimepewa kitanda kwa jirani. Musa, mkwe wangu, akisikia niko sebuleni anatoka nje. Chakula anakula kwa mamake. Mimi ni takataka? Huyo ni mtu wa mjini, babu zake walitoka pwani, mila yetu atajulia wapi. Ananichukia tu.

Jumatano, 24 Desemba
Nasimiyu ameniambia, "Mama, kesho usichinje. Musa atachinja akitoka msikitini, ndiyo sisi wote tukule." Mara mbili amesema. Masikio yangu ni mazima. Nimechinja kuku tangu niolewe, leo mkono umekuwa mchafu.

Alhamisi, 25 Desemba
Nilichinja. Nilitoka kanisani, Nasimiyu akaenda sokoni kutafuta nyanya, nikachukua kisu. Sikusahau. Nilijua.

Saa saba wakaja Bi Zuhura, mamake Musa, na binti zake wawili. Wamevaa vizuri, wamebeba keki. "Krismasi njema, dada." Nasimiyu aliwaita kwa ajili yangu, hakuniambia. Nikapakua. Nasimiyu akaangalia sufuria.

"Mama, nani alichinja?"

"Mimi. Kwani kuku ya Mkristo iko na sumu?"

Bi Zuhura akavuta ugali na sukuma karibu. Akasema ugali wa Bungoma hauhitaji mboga ingine, hata mwenye meno mawili kama yeye anashiba. Wakacheka kidogo, kunisaidia. Zaituni akanyoosha mkono kwa paja la kuku, mama yake akamzuia, mtoto akalia.

Meza ya watu sita, nilikula kuku peke yangu. Nilitafuna kama kamba. Kuacha nikashindwa, kiburi.

Ijumaa, 26 Desemba
Nasimiyu amesugua ile sufuria asubuhi yote. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Ameniambia kitanda cha jirani ni Musa alienda kuomba. Kazini kwao kuna mzee wa Kibukusu, kabila letu. Musa alimuuliza mama wa mke anapokelewa namna gani. Akaambiwa mama mkwe halali chini ya paa ya mkwe, hali chakula naye, wasikaribiane. "Wiki nzima anakula kwa mamake ndiyo wewe ukae na heshima yako. Na wewe, Mama, jambo moja tu." Akaendelea kusugua.

Hiyo ni mila yangu. Wangenipa kitanda kwa Musa ningekataa na matusi juu. Yeye alienda kuuliza. Mimi niliambiwa bila kuuliza, na nikachinja.

Mila hainiruhusu kumwangalia usoni. Leo nimeshukuru. Hata hiyo ni aibu.

Jumamosi, 27 Desemba
Kabla ya kutoka nilisimama nje ya dirisha, Musa yuko ndani. Nikasema, "Baba Zaituni, nilikosa. Nilijua na nikafanya." Sijawahi kusema hivyo kwa mtu, hata kwa marehemu mume wangu. Akakohoa. Akasema, "Nimesikia, Mama. Safari njema."

Nasimiyu alinisindikiza stendi. Akanishikia mkoba, akanirekebishia kitambaa kichwani. Nikamuuliza kama naweza kuja Pasaka.

"Tutaona, Mama."

Hivyo ndivyo nilikuwa namjibu akiwa mtoto, kitu nikiwa sitaki kumpa.

Nimefika Bungoma saa tisa. Nimewasha moto. Nimekaa.