Hukuwa na Maringo, Baba Mutwiri

Baba Mutwiri,

Kendi wetu ameshinda. Wacha nianze na hilo, kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na karatasi ni moja tu. Kuna tuzo ya utafiti wanayopewa wanafunzi wa udaktari wanaotaka kutibu saratani, na kati ya wote walioomba wamemchagua yeye. Alinipigia simu nikiwa shambani kwa kahawa. Nilipiga kelele ya asante Yesu mpaka jirani akaja mbio na jembe, akidhani ni nyoka.

Halafu hofu ikaingia, si unanijua. Nikamuuliza kama huo ugonjwa hauwezi kumshika akikaa nao kila siku. Akacheka. "Mama, hauambukizi." Bado nilimwambia anywe maziwa.

Alichoandika, vile alinieleza, ni kwa nini watu wa kwetu wanafika hospitali koo likiwa limeshafunga. Anasema wengi wanaanza kushindwa na chakula mapema, lakini wanaficha, kwa sababu huku ukikataa chakula cha mtu umemtukana. Sasa siku ya kupokea tuzo atasimama mbele ya walimu na wageni aeleze, na watu wataona kwa simu. Akaniomba ruhusa aanze na wewe.

Nikamwambia nitampigia baadaye. Unajua siku ya mazishi yako ilisemwa ulikufa kwa vidonda vya tumbo. Ndugu zako walitaka hivyo, na mimi sikutaka uwe hadithi ya sokoni. Nilikaa na hilo neno, nikapika nikasahau chumvi. Nikimkataza, Kendi atatii, lakini atasimama pale akiongea juu ya wagonjwa wa wengine kama mtu ambaye hajazika baba. Nikikubali, je, wewe utakasirika?

Ndipo nikakumbuka Siakago, kule Mbeere. Siku ile tulipeleka mahari ya Mutwiri, jua kali, wakwe zetu wakachinja mbuzi wakakuletea sahani ya kwanza, wewe baba ya kijana. Ukaigusagusa tu. Mama Wanja, mama ya bibi harusi, akaja mwenyewe akasimama mbele yako: "Ni nini? Mbuzi wa Mbeere hapiti koo la Mmeru?" Watu wakacheka. Ukamjibu, "Nimefunga, mama. Naombea hii ndoa." Wakacheka zaidi, lakini yeye hakucheka. Hakujua kwamba hata mukimo wangu, viazi na mahindi vya kupondwa, ulikuwa unausukuma na maji.

Tangu hapo kule wewe ni yule mzee wa maringo. Ulienda kaburini na hilo jina. Wewe, ambaye ungekula hata ugali wa jana ili mwenye nyumba afurahi.

Nikampigia Kendi. Nikamwambia sema yote, na umtaje kwa jina.

Lakini si vizuri mkwe asikie jambo kama hilo kwa simu ya mtu. Nikavaa nguo ya kanisa, nikabeba ndizi na sukari, nikashuka Siakago mwenyewe. Nilimkuta Mama Wanja akipepeta ndengu. Nikamwambia, "Mzee wangu hakuwa na maringo. Ilikuwa saratani ya koo. Ile nyama aliitamani."

Akapepeta kidogo, akaacha. Nilingoja aseme pole. Badala yake akaangalia upande wa nyumba, akasema chini chini, "Huyu mzee wangu siku hizi ananiambia nyama ni ya vijana. Anataka uji tu. Nami nimekuwa nikigombana naye, nikisema amechoka na mapishi yangu."

Baba Mutwiri, nilitoa simu kabla hajamaliza.

Nikampigia Kendi hapo hapo, nikampa mzee simu. Alikuwa mkali kwanza. "Sasa nihojiwe na mtoto?" Lakini Kendi aliuliza pole pole, na mwishowe tukasikia yule mzee akieleza vile chakula kinamkwama, mambo ambayo mke wake hajawahi kusikia. Jumatatu anaenda kupimwa. Kendi anasema tusimzike mtu akiwa hai, inaweza kuwa ni kitu kidogo. Naomba iwe kidogo. Usiku naomba, shambani naomba.

Mama Wanja anaogopa mzee atabadilisha nia akiwa njiani. Nimemwambia nitakuja nitembee upande wa kushoto na yeye wa kulia, mzee akae katikati kama bwana harusi. Alicheka, akafuta macho na leso.

Nakuacha upumzike, mume wangu. Kule Siakago sasa wanakuita kwa jina lako. Kwako wewe hatukujua. Kwa huyu tumejua, na nakuahidi sitamwachilia mkono, hata akinitukana mbele ya madaktari.

Ni mimi,
Mama Mutwiri