Mbao za Nyuma ya Madhabahu

Jumatatu, 3 Machi 2003

Umekaa wapi, daftari? Wiki tatu! Nimekutafuta chini ya mto, kwenye kabati la sufuria, mpaka ndani ya gari la Mwakio. Kumbe umelala na viatu vya Neema. Huna haya. Nina mambo ya kusema, na hapa Fort Worth sina jirani wa kumsemea. Kila mtu yuko ndani ya gari lake.

Leo kama kila Jumatatu. Maharagwe jikoni, kisha kanisani kufagia. Kanisa letu ni la mbao, la Wazungu wa zamani, madirisha yamechongoka juu kama viganja vya mtu anayesali. Mtindo huo wanauita gothiki. Lilijengwa mji mwingine, mbali. Barabara ikataka kupita pale, wenyewe wakatupatia sisi Wakenya. Likakatwa vipande viwili, likaletwa kwa lori. Dereva alikuwa mwanangu Mwakio. Nililia nilipoliona likija barabarani, kama nyumba iliyotoroka kwao.

Jumatano, 5 Machi

Wenye ghala la jirani wanakitaka kiwanja chetu. Mwakio anasema kanisa likipata kibao cha urithi, kile cha majengo ya kale yanayolindwa, hakuna wa kuligusa. Lisipopata, litavunjwa.

Shida ni moja. Kamati ya urithi haipendi jengo lililohama. Eti likishahama, thamani yake inapungua. Nikamwuliza, na mimi niliyehama kutoka Taita nimepungua kiasi gani? Akacheka.

Mama wa kamati alikuja jana, akaona kitu huko ndani kilichompendeza sana. Atarudi Jumanne na kamera. Kitu gani, Mwakio hakusema. Alikuwa anawahi mzigo wa Houston.

Ijumaa, 7 Machi

Mama wa urithi amepiga simu. Neema, mjukuu wangu, ndiye aliyepokea.

"Nyanya, amesema tusiguse marks."

Nikamwambia maksi ni za shule. Mimi sikukalia dawati hata siku moja, kusoma nilijifunza kwa Biblia na vitabu vya nyimbo, lakini hilo nalijua. Kanisani hakuna maksi. Akainua mabega, akarudi kwenye televisheni. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Nikikasirika ananikumbatia. Utamfanya nini?

Jumatatu, 10 Machi

Mgeni ni kesho. Kwetu mgeni hapokewi na uchafu.

Nimefuta madirisha yote. Nimepiga deki. Kisha nikasogeza pazia la nyuma ya madhabahu, mahali ambapo huwa sifagii. Aibu! Mbao zote zimechorwa penseli. Namba, mistari, mishale, maneno ya mwandiko wa kushikana ambao mimi siusomi. Watoto wa shule ya Jumapili, nikasema. Nikawatukana kimoyomoyo. Mungu anisamehe.

Sabuni na waya wa sufuria. Haikutosha. Nikaenda kuchukua msasa wa Mwakio. Nimesugua tangu saa nne mpaka saa nane. Mabega yanawaka. Lakini mbao zinang'aa kama samli.

Jumanne, 11 Machi

Amekuja. Hakutazama madirisha. Hakutazama sakafu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya madhabahu, akasimama. Kamera ikabaki inaning'inia shingoni.

Mwakio akaniuliza, "Mama, yale maandishi yako wapi?"

Nikajibu kwa fahari kwamba nimeyatoa.

Jumatano, 12 Machi

Sasa nimeelezwa. Sina hamu ya kula.

Hawakuwa watoto. Walikuwa mafundi seremala waliolijenga. Kila ubao waliuandika namba yake na upande wake, na majina yao. Mmoja aliandika kwamba siku ile mkewe amejifungua binti. Ndizo alama, zile marks za Neema, alizotaka yule mama. Ndizo zingeonyesha kwamba hata likihama, mbao ni zilezile, mikono ni ileile.

Mwakio hakunifokea. Afadhali angefoka. Neema alilia, akasema aliniambia. Kweli aliniambia. Mimi ndiye niliyejiona najua.

Watu wale walifika salama mpaka huku, juu ya lori, barabara yote ile. Nimewamaliza mimi, kwa msasa.

Jumapili, 30 Machi

Barua imefika. Kibao hatupewi. Jengo limehama, na ushahidi uliobaki hautoshi. Mwakio ameisoma mbele ya watu wote. Hakutaja jina langu. Kila mtu anajua.

Baada ya ibada Mama Pendo, tunayeimba naye, akaniambia, "Wewe Mama Mwakio, umesugua hadi marehemu!"

Nikacheka. Yeye huwa hivyo, mdomo mchungu, mkono wazi, na ndiye aliyenibebea chakula wiki nzima. Nikaenda kujifungia chooni mpaka magari yakapungua.

Jumapili, 6 Aprili

Wenye ghala wameanza kupima kiwanja. Vigingi vina utepe wa rangi ya chungwa.

Leo nilibaki ndani peke yangu na Neema. Nikaomba penseli yake. Nikaingia nyuma ya pazia, nikapiga magoti, magoti yenyewe haya. Nikaandika kwenye ubao wa chini kabisa: Hapa palikuwa na majina ya mafundi. Niliyafuta mimi, Wakesho, nikidhani ni uchafu.

Neema alisoma polepole, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Akasema neno "nikidhani" nimeliandika vizuri. Kisha akaandika jina lake chini ya langu. Sikumkataza.

Nimerudisha pazia.

Nawe daftari, ukija tena mkononi mwangu, usije peke yako. Njoo na penseli. Na ukikuta mahali pamechorwachorwa, uliza kwanza.