Alishuka Mwenyewe

Nachingwea, 10 Februari 2002

Kwa shemeji yangu mpendwa Getruda,

Salamu nyingi sana. Hujambo wewe na watoto? Mimi mzima, mguu umepona, limebaki kovu tu. Kunde ulizompa kondakta zimefika, ahsante sana, tumezila mpaka majirani wakaonja.

Shemeji, nasikia huendi tena kanisani tangu kaka Uwesu afariki. Usijitese. Mchungaji wetu hapa mjini ametufundisha kwamba Mungu aliwachagua watu wake kabla dunia haijaumbwa, na asiyechaguliwa haokoki hata afanye nini. Ndio ushuhuda wangu kila Jumapili: simba alitukuta shambani ndugu wawili, mimi mteule akaniacha. Kaka kila mwaka alisema atabatizwa mwakani. Hakuitwa, shemeji. Ukilikubali hilo utapata amani. Mimi namshukuru Mungu, nawe mshukuru.

Shemeji yako,
Dickson

Nambilanje, 3 Machi 2002

Shemeji Dickson,

Pokea salamu zetu. Sisi wazima, mvua ipo, mtama umesimama vizuri, ila nguruwe wanatusumbua. Nafurahi mguu umepona. Mguu huo niliukanda kwa maji ya moto mimi, kwa hiyo na mimi nina haki ya kuuringia.

Lakini barua yako imeniuma. Nilinyamaza ili upone kwanza. Sasa umepona hadi unahubiri, basi sikia. Siku ile wewe ulikuwa chini unachimba mihogo, simba akakurukia, ukazimia. Kaka yako alikuwa juu ya dungu anafukuza ndege. Kule juu simba asingemfikia. Alishuka, shemeji. Alishuka na panga, akampiga simba mpaka akakuachia, ndipo akageukiwa yeye. Alinieleza mwenyewe pale zahanati. Wewe unasema simba alikuacha. Simba hakukuacha, aliachishwa.

Kama yote yalishapangwa, mbona angeweza kubaki juu na hakubaki? Mshukuru Mungu, nani akukataze. Lakini usimfungie mume wangu mlango wa Mungu halafu uniambie nipate amani. Kanisani siendi kwa sababu naogopa watoto wasije wakasikia maneno kama hayo juu ya baba yao.

Shemeji yako,
Getruda

Nachingwea, 17 Novemba 2002

Shemeji yangu Getruda,

Shikamoo. Najua umri wetu ni mmoja, ipokee tu. Watoto hawajambo? Kimya changu si cha posta, ni changu mwenyewe.

Nilipoisoma barua yako nililia sana. Nikaenda kwa mchungaji. Akasema matendo mema hayamwokoi mtu. Nikamwambia ni kweli, ila mimi yameniokoa. Akachukia. Nilikaa miezi bila kutoa ushuhuda, nikiogopa. Mwezi uliopita nikasimama, nikalitaja jina la kaka mbele ya watu wote. Nikasema alishuka kwa hiari yake ili mimi niishi, na aliyempa moyo huo simjui mwingine isipokuwa Mungu. Tangu hapo sipewi zamu ya kuhubiri. Potelea mbali, nalala usingizi. Nakushukuru kwa kunisema, shemeji. Bila wewe ningekufa sijui nani aliniokoa.

Lipo moja linaninyima raha. Kule zahanati, kabla hajakata roho, kaka alimtaja Mungu? Niambie, hata kama jibu ni hapana.

Shemeji yako,
Dickson

Nambilanje, 1 Desemba 2002

Shemeji Dickson,

Marahaba, nimeipokea, ingawa umenizeesha. Sote wazima, tunapanda. Ahsante kwa kulitaja jina lake. Nimewasomea watoto barua yako, wakaniomba niirudie.

Umeuliza. Hata katekista aliniuliza siku ya mazishi, nikamwambia hapana, maana Uwesu hakusali wala hakuomba maji ya ubatizo. Alikuwa na maumivu makali. Alipokwisha kunieleza ya simba aliuliza, "Mdogo wangu mzima?" Nikamwambia mzima, amelazwa chumba cha pili. Akafumba macho, akasema, "Mungu ashukuriwe." Hakusema tena.

Niliyaona ni maneno ya kawaida, kila mtu huyasema. Barua yako imenifanya niyafikirie upya. Mambo ya nani alichaguliwa na nani hakuchaguliwa mimi siyawezi, shemeji. Jumapili nimekwenda kanisani na watoto. Ulipofika wakati wa shukrani nikasimama, nikasema maneno yale yale ya Uwesu, kisha nikakaa.

Shemeji yako,
Getruda