Aliyemnyonyesha Muhsina

Mawaleh, Maskati
9 Mei 2005

Wifi yangu Balqis,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, nyinyi vipi huko London? Muhsina kashanenepa? Na wewe, kidonda cha upasuaji kimefunga, au bado unainama kama bibi kizee? Mama yako hajambo, magoti tu. Loai anaota meno, halali, na asipolala yeye silali mimi. Ukiona mwandiko umepinda ujue nimempakata.

Nnakuandikia kwa sababu simu iko sebuleni na mama anasikiliza kila neno. Vipande vya tiketi nimevitia humu. Shirika la ndege nimeliandikia mwenyewe kwa Kiingereza changu cha skuli, nikawaeleza kila kitu, hawajanijibu. Nimekwenda ofisini kwao Ruwi na mtoto begani, kijana ananambia, "Mama, hiyo ya London, si yetu." Basi wewe uliye London wakabe.

Nilikuja huko London kukuuguza arobaini yako ya uzazi, nikasema twende zetu pamoja mama amwone mjukuu wake, kumbe tunakwenda kuadhibiwa uwanja wa ndege! Kutwa nzima juu ya viti vya chuma tunangoja ndege, kila tukiuliza wanasema "saa moja tu". Wewe dawa zimekukatisha kunyonyesha, maziwa ya unga ya mtoto yako ndani ya begi, begi limo tumboni mwa ndege, na maduka yote yanauza manukato. Sheria mpya ya Ulaya ya abiria wa ndege ipo, ulinisomea mwenyewe. Watulipe, lakini kwanza watuombe radhi.

Wifi yako,
Mahfoudha

London
2 Juni 2005

Wifi yangu Mahfoudha,

Wa aleikum salaam. Sisi hatujambo, Muhsina ana mashavu kama maandazi. Mbusu Loai, na mwambie kaka yangu Thani ampakate na yeye siku moja, hatovunjika mkono.

Shirika wamejibu. Wanasema tulipewa chai na mikate, na watoto hawakupungukiwa na kitu kwa kuwa walinyonyeshwa. Nikajiuliza wamejuaje? Kumbe wewe! Umewaandikia kwa fahari kwamba umewanyonyesha wote wawili! Wifi, mtu anashitaki au anajisifu?

Sasa nimepiga taipu maelezo mapya, kwamba hukuwa na maziwa ya kutosha na Muhsina alishinda na njaa mpaka tukapanda. Hapo watatuogopa. Tia saini, nirudishie haraka.

Wifi yako,
Balqis

Mawaleh
14 Juni 2005

Wifi yangu Balqis,

Asalaam aleikum. Natumai mu wazima. Sisi tumo tu, na joto hili.

Sitii saini.

Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Nikamtia kifuani akanyonya, akashiba, akalala, akaamka akanyonya tena, kutwa ile. Wewe ulikaa ubavuni kwangu machozi yanakutoka, unasema "Mungu akulipe." Leo niandike kuwa hakunyonya? Yule kwa dini yetu ni mwanangu wa kunyonya, Balqis, na Loai ni kaka yake.

Nilikuachia wewe umwambie mama, kwa kuwa mtoto ni wako. Ukarudi London hukumwambia. Na mama kila Ijumaa anamwita Loai "mkwe wa Balqis", kashawatangazia na dada zake. Mimi nnacheka meno nje, ndani nnaungua. Wanaojua ni wawili tu, mimi na wewe. Nikitia saini kuwa hakunyonya, siku watoto hawa wakikua nani atawaambia kuwa hawaoani? Na nani ataniamini?

Walaumu kwa viti, kwa uwongo wa saa moja, kwa begi. Maziwa yangu yaache.

Wifi yako anayekupenda,
Mahfoudha

London
1 Julai 2005

Mahfoudha,

Karatasi ya Wazungu, nani wa Maskati ataisoma? Watoto hata kutambaa hawajui, wewe ushaogopa harusi! Tangu baba afariki, mama hana lililomchekesha ila habari ya watoto hawa wawili, na wewe unataka nimnyang'anye. Kama una nguvu za kupigana, pigana na shirika, si na mimi.

Balqis

Mawaleh
20 Julai 2005

Wifi yangu Balqis,

Asalaam aleikum, ingawa wewe yako umeninyima.

Nimemwambia mama. Alikuwa anamenya vitunguu thomu jikoni, anamwimbia Loai mambo ya harusi, nikashindwa kustahamili. Nikamwambia, "Mama, Muhsina kanyonya kwangu. Siku ile ya ndege."

Kisu kikasimama. "Kashiba?"

"Kashiba, mama. Tena na tena."

"Wacha we! Na mimi nshanunua kitambaa!" Akacheka, kisha akalia, kisha akaninyang'anya Loai akamkumbatia. Baadaye nikamsikia sebuleni anawapigia dada zake mmoja mmoja, "Yale ya harusi yafuteni, watoto ni ndugu." Akaja kuniuliza, "Na hilo shirika mmelishitaki? Kumtesa mjukuu wangu!"

Nimekutangulia kwa mama yako, na kwa hilo unisamehe. Kwa jengine lolote sikuombi msamaha.

Wifi yako,
Mahfoudha

Mawaleh
25 Septemba 2005

Wifi yangu Balqis,

Asalaam aleikum. Hujajibu. Simu mama anapopiga unaongea naye, mimi nikishika unasema mtoto analia. Ramadhani hiyo inaingia, nimekupelekea tende na halua. Loai anasimama kwa kushika kiti. Muhsina je?

Hata mstari mmoja.

Mahfoudha

London
21 Novemba 2005

Wifi yangu Mahfoudha,

Asalaam aleikum. Sisi wazima sasa. Tende zimefika, halua kaimaliza mume wangu peke yake.

Maelezo yale ya uwongo sikuyapeleka, nilipeleka ya kweli. Shirika wamejibu kwa mara ya mwisho. Ati ndege haikufutwa, ilichelewa tu, na kwa kuchelewa sheria haiwalazimishi kulipa. Viti, njaa, machozi, vyote ni "tu". Hata radhi hawakuomba. Na wewe bado nimekukasirikia, usijidanganye. Lile lilikuwa langu kumwambia mama yangu.

Wiki iliyopita Muhsina kapata homa kali, nikamkimbiza hospitali. Daktari akaniuliza kama ana ndugu. Mdomo ulikuwa tayari kusema hana. Nikamwambia anaye kaka, yuko Maskati.

"Wa baba mmoja?" akauliza.

Nikamwambia, "Hapana. Wa mama."

Homa imeshuka.

Wifi yako,
Balqis